Koo likigoma: dakika chache baada ya nusukaputi

Umelazwa kukatwa ngiri, na zamu yako ni kesho asubuhi. Jioni anakuja kitandani mtu ambaye hukuwahi kumwona, na tumbo lako hana habari nalo. "Fungua kinywa, toa ulimi." Anakutaka uinue kidevu utazame dari. Anapima kwa vidole umbali wa kidevu na kongomeo, kile kinundu cha mbele ya shingo, anauliza kama una jino linalocheza au la bandia, kama unakoroma, kama uliwahi kupewa nusukaputi ukaambiwa baadaye kwamba kulikuwa na shida. Wagonjwa wengi hujibu huku wakijiuliza kama faili halijachanganywa. Ngiri na meno wapi na wapi?

Huyo ni mtaalamu wa usingizi. Daktari wa upasuaji anawaza ngiri. Yeye anawaza jambo litakalotokea kabla kisu hakijagusa ngozi: dawa ikishaingia mshipani na mgonjwa akaacha kupumua, nitaweza kumpumulia? Mara nyingi sana jibu ni ndiyo. Makala haya yanahusu zile mara chache ambapo jibu linageuka kuwa hapana, tena kwa mgonjwa ambaye jana yake alionekana hana tatizo lolote.

Tunasema mtu "amelazwa usingizi", na neno hilo lina faraja yake, ila linaficha mambo. Aliyelala kitandani kwake anaendelea kupumua, na ulimi ukimziba hujigeuza, au hukoroma mpaka mwenzake amsukume. Aliyepewa nusukaputi hana kinga hiyo. Misuli ya koo inalegea, ulimi unaanguka nyuma. Akiongezewa dawa ya kulegeza misuli, ambayo hutumika ili mrija upite kirahisi na daktari aweze kufanya kazi tumboni, hata kiwambo cha kupumulia kinasimama. Kuanzia hapo kila pumzi inatoka mkononi mwa mtu mwingine anayebinya mfuko wa mpira, au kwenye mashine.

Njia za kumfikishia oksijeni mtu huyo ni nne. Ya kwanza ni barakoa inayobanwa usoni, mdomo na pua pamoja, huku taya likivutwa mbele. Ya pili ni barakoa ndogo ya mpira inayosukumwa hadi nyuma ya koo ikakaa juu ya mlango wa njia ya hewa. Aliibuni Mwingereza Archie Brain mwaka 1981, na tangu ianze kuuzwa mwaka 1988 imeokoa watu ambao zamani wangepotea. Ya tatu ndiyo maarufu: mrija unaopita katikati ya nyuzi za sauti hadi kwenye bomba la hewa, ukiongozwa na laringoskopu, chuma chenye taa kinachoinua ulimi. Ile ya ubapa uliopinda, inayotumika hadi leo, ilitoka kwa Robert Macintosh wa Oxford mwaka 1943. Ya nne ni kukata shingo kwa mbele. Hakuna ya tano.

Sasa hesabu ya muda, maana ndiyo inayotawala yote yanayofuata. Mtu mzima akishatoa pumzi ya kawaida, mapafu yake hubaki na hewa kama lita 2.5. Mwili uliotulia hutumia kama mililita 250 za oksijeni kwa dakika. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21, kwa hiyo akiba iliyo mapafuni ni nusu lita hivi: dakika mbili kwenye karatasi, na kwa vitendo pungufu ya hapo. Lakini akivuta oksijeni tupu kwa dakika tatu kabla ya dawa, karibu lita zote 2.5 zinakuwa oksijeni, na mtu mzima mwenye afya anaweza kukaa dakika 8 hivi bila pumzi kabla kipimo cha kidoleni, kinachosoma oksijeni iliyo kwenye damu, hakijashuka chini ya asilimia 90. Ndiyo kazi ya ile barakoa unayobandikwa usoni ukiwa bado macho, ambayo wengi huiona kero na kuigeuzia kichwa. Ivumilie, ni akiba yako. Mjamzito, mtoto mdogo na mtu mnene akiba yao ni ndogo zaidi, na kwa mnene sana inaweza kuisha ndani ya dakika tatu hata baada ya maandalizi hayo yote.

Ungedhani basi suluhisho ni kuwatambua mapema wenye makoo magumu. Watu wamejaribu. Mwaka 1985 Seshagiri Mallampati, daktari mzaliwa wa India aliyekuwa akifanya kazi Boston, alichapisha kipimo rahisi: mgonjwa akae, afungue kinywa, atoe ulimi, nawe uangalie kama unakiona kimio, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Ulimi ukikificha, tarajia shida. Ndicho unachofanyiwa jioni ile kitandani. Vipimo vingine vimeongezwa: shingo inakunjuka kiasi gani, kinywa kinafunguka vidole vingapi, taya la chini linaweza kutangulia la juu.

Halafu mwaka 2015 watafiti wa Denmark wakatoa hesabu ambayo, kwa maoni yangu, inastahili kubandikwa ukutani kwenye kila chumba cha upasuaji. Walichukua kumbukumbu za wagonjwa 188,064. Waliokuwa wagumu kuingizwa mrija walikuwa 3,391, na kati ya hao asilimia 93 hakuna aliyewatarajia. Upande wa pili nao haukuwa na sifa: wale walioandikwa mapema kwamba watakuwa wagumu, ni robo tu waliokuwa wagumu kweli.

Usikimbilie kulaumu wapimaji. Jambo likiwa adimu kiasi hicho, hata kipimo kizuri huokota wengi wasiohusika na kuwapita wanaohusika. Tena vipimo hivi vinatazama mlango, na shida mara nyingine iko sebuleni: nyama zilizovimba kwenye shina la ulimi, uvimbe mdogo karibu na kidakatonge (kifuniko cha njia ya hewa), mambo ambayo mwenyewe hajui kuwa anayo kwa sababu anakula na kuongea bila shida. Kwa hiyo kupima kunasaidia kuwakamata wachache walio wazi, kama mwenye taya lililoungana au uvimbe mkubwa wa shingo, ambao huingizwa mrija wakiwa macho, koo likiwa limetiwa ganzi. Wengine wote, yaani karibu kila mtu, inabidi wapangiwe kana kwamba koo lao linaweza kugoma.

Mpango huo ukikosekana, hata pale penye vifaa na madaktari wazoefu, tunajua kinachotokea, kwa sababu kuna kisa kimoja kilichoandikwa dakika kwa dakika.

Tarehe 29 Machi 2005, nchini Uingereza, Elaine Bromiley, mama wa watoto wawili mwenye miaka 37, aliingia kufanyiwa upasuaji wa kawaida wa pua na sinasi, vile vijumba vya hewa vilivyo kando ya pua. Saa 2:35 asubuhi akapewa dawa. Barakoa ya koo haikukaa. Wakajaribu saizi nyingine, haikukaa pia. Dakika mbili baada ya kuanza alikuwa anageuka rangi. Dakika nne, oksijeni ilikuwa imeshuka hadi asilimia 40. Barakoa ya usoni nayo ikapitisha hewa kwa shida kubwa mno. Mtaalamu akachukua laringoskopu, hakuona nyuzi za sauti. Akaingia mtaalamu wa pili wa usingizi, akaingia na daktari wa upasuaji wa masikio, pua na koo, mtu ambaye shingo ndiyo shamba lake. Wote watatu wakainama juu ya kinywa kile na kuendelea kujaribu kupitisha mrija.

Muuguzi mmoja alileta seti ya kukatia shingo na kuwaambia kwamba iko tayari. Mwingine alitoka akapiga simu kuomba kitanda cha wagonjwa mahututi, akarudi kutangaza kwamba kipo. Nyuso za madaktari ziliwaambia wauguzi hao kwamba wao ndio wanaokuza mambo, na kile kitanda kikaachwa. Oksijeni ilikaa chini ya asilimia 40 kwa dakika kama 20. Baadaye barakoa maalumu ya koo ilikubali, kipimo kikapanda hadi 90, lakini wakaendelea kuhangaika kupitisha mrija ndani yake kabla ya kuamua kumwacha aamke. Hakuamka. Alifariki siku 13 baadaye.

Mumewe, Martin Bromiley, ni rubani wa ndege. Aliomba uchunguzi huru ufanyike, kama unavyofanyika ndege inapoanguka, akashangaa kuona hospitali hazina desturi hiyo. Ulipofanyika, ulionyesha kwamba madaktari walikuwa na ujuzi, kifaa kilikuwa mezani, na wauguzi walijua kinachotakiwa kufanywa ila hawakujua wakiseme vipi. Mwaka 2007 alianzisha kikundi cha kufundisha watu wa afya mambo ambayo marubani walishajifunza kwa uchungu: namna akili inavyobanwa na kazi moja, namna muda unavyopotea bila anayeuhesabu, namna mdogo anavyomwambia mkubwa kwamba tunakosea.

Nadhani sote tunajua hali hiyo kwa kiwango kidogo. Umesimama mlangoni usiku, ufunguo hauonekani, na unatafuta mfuko uleule wa suruali kwa mara ya sita. Mkono unajua kwamba haumo, lakini unarudi. Sasa weka mahali pa ufunguo mtu anayekufa mbele yako, na mlio wa mashine unaoshuka sauti kadiri oksijeni inavyopungua.

Kwa hiyo miongozo ya leo, ukiitazama vizuri, kazi yake kubwa ni kuutoa mkono kwenye ule mfuko. Chama cha Uingereza kinachoshughulikia njia ngumu za hewa kilitoa mwongozo wake wa kwanza mwaka 2004, mwaka mmoja kabla ya Elaine kulazwa kwenye meza ile, kisha kikaupanga upya mwaka 2015. Una hatua nne zenye herufi A hadi D, na kila hatua ina idadi ya majaribio.

Mpango A ni mrija. Unajaribu mara tatu, na ya nne kama kuna mwenye uzoefu zaidi wa kuishika laringoskopu. Ukomo huu watu huuona mkali, lakini una sababu ya mwilini kabisa. Koo ni nyama laini. Kila chuma kinapoingia, linavimba kidogo, linatoa damu kidogo, na mgonjwa ambaye barakoa ya usoni ilikuwa ikimpitishia hewa vizuri anaweza, baada ya jaribio la tano, kuwa mtu asiyepitisha hewa kwa njia yoyote. Yaani ukaidi wa daktari ndio unaotengeneza janga. Na jaribio lisiwe marudio: lazima kitu kibadilike. Inua kichwa kwa mto hadi mgonjwa akae kama anayenusa maua. Kama ni mnene, panga mashuka yaliyokunjwa chini ya mabega mpaka sikio lilingane na kifua. Badilisha ubapa. Mwombe msaidizi asukume kongomeo kwa nje. Tumia buji, kijiti kirefu kinachopinda na chenye ncha iliyokunjwa kidogo, kinachoweza kupapasa njia chini ya kidakatonge hata pale nyuzi za sauti zisipoonekana. Kikiingia mahali pake, vidole vinahisi mtikisiko wa pete za bomba la hewa, kama fimbo inayoburutwa juu ya bati la migongo. Laringoskopu zenye kamera zimerahisisha mambo mno, ila buji ni rahisi kwa bei na haihitaji chaji.

Ikishindikana, mtaalamu anasema kwa sauti kwamba imeshindikana. Sentensi hiyo ni sehemu ya tiba, maana ndiyo inayowaruhusu wengine chumbani kusogea na kuleta vitu. Mpango B ni barakoa ya koo, majaribio yasiyozidi matatu. Ikikaa na oksijeni ikapanda, kinachotakiwa ni kitu ambacho timu ya mwaka 2005 haikukifanya kwa wakati: kusimama na kufikiri. Hewa inaingia. Je, upasuaji huu ni lazima leo? Kama ni ngiri au sinasi, mwamshe. Ataudhika kuamka na ngiri yake, na atakuwa hai. Mpango C ni kurudi kwenye barakoa ya usoni, watu wawili, mmoja akishika taya kwa mikono miwili na mwingine akibinya mfuko.

Mpango D ndio unaoogopwa. Mrija umekataa, barakoa zote mbili zimekataa, oksijeni inashuka. Wapo wanaotumaini dawa ya kulegeza misuli iishe mgonjwa apumue mwenyewe, lakini hata suksametoniumu, inayoisha haraka kuliko nyingine, huchukua dakika 5 hadi 10, na ubongo uliokosa oksijeni haungoji kiasi hicho. Kinachobaki ni shingo. Chini kidogo ya kongomeo kuna kibonde ambacho ukipapasa shingo yako sasa hivi utakiona kwa kidole. Hapo kati ya ngozi na njia ya hewa kuna utando mwembamba tu. Kisu kinapita kwa mlalo, kinageuzwa, buji inateleza kando yake, mrija mwembamba wa milimita 6 unafuata juu ya buji. Vifaa vitatu. Anayeijua huifanya kwa muda usiofika dakika moja.

Kwa nini basi watu huchelewa? Ukaguzi wa nchi nzima uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2011 ulijibu sehemu ya swali hilo. Matatizo makubwa ya njia ya hewa yalikadiriwa kuwa 1 kati ya kila nusukaputi 22,000, kwa hiyo mtu anaweza kufanya kazi maisha yake yote bila kulazimika kukata shingo. Na wataalamu wa usingizi waliojaribu kupenya shingo kwa sindano, njia iliyoonekana ya upole, walishindwa karibu mara 6 kati ya 10. Mwongozo wa mwaka 2015 ukachagua kisu. Lakini nadhani sababu ya ndani zaidi ni kwamba kukata shingo ya mtu aliyekuja kwa jambo dogo ni kukiri mbele ya wote kwamba mambo yameharibika. Mkono unakataa. Ndiyo maana wanaofundisha wanasisitiza mazoezi, kwenye mdoli au kwenye koo la mbuzi lililonunuliwa buchani, ili mkono uwe umeshavuka mpaka huo kabla ya siku yenyewe.

Jambo moja dogo lenye kuua: mrija unaweza kupita vizuri kabisa ukaingia kwenye umio, njia ya chakula. Kifua kinaweza kuonekana kinapanda, sauti zinaweza kusikika, na bado hewa inakwenda tumboni. Kinachoamua ni kaboni dioksidi inayotoka na pumzi, ikichora mawimbi kwenye skrini. Mstari wa skrini ukiwa bapa, mrija uko pabaya hadi ithibitike vinginevyo, hata kama aliyeuingiza anaapa kwamba aliona ukipita.

Miongozo hiyo iliandikwa na watu ambao ukibonyeza kengele wanakuja wenzao watatu. Katika hospitali nyingi za wilaya za Tanzania, Uganda au Kongo, anayelaza wagonjwa ni muuguzi au tabibu aliyesomea usingizi, na usiku yuko peke yake. Yule "mwenye uzoefu zaidi" wa jaribio la nne yuko mji mwingine. Hapo mpango unabadilika sura. Swali la kwanza linakuwa kama kuna haja ya kugusa koo. Sindano ya mgongoni inamwacha mama anayepasuliwa kujifungua akipumua mwenyewe na kusikia mtoto akilia. Ketamini, dawa iliyozoeleka sana kwetu, kwa kawaida humwacha mgonjwa akiendelea kupumua.

Ila sindano ya mgongoni haifai kwa mama anayevuja damu nyingi, wala kwa aliyepata kifafa cha mimba na hajarudiwa na fahamu. Kwa hiyo wanaobaki kwa nusukaputi ndio walio wagumu kuliko wote: koo limevimba kwa ujauzito, tumbo lina chakula kinachoweza kupanda mapafuni, akiba ya oksijeni ni ndogo, na ni saa tisa usiku. Kwa wajawazito wanaopewa nusukaputi, tafiti zilizokusanywa kwa miongo kadhaa zinaonyesha mrija hushindikana kwa takriban 1 kati ya 390. Nao huwezi kuwaambia warudi wiki ijayo, mtoto anangoja.

Kwa mtu aliye peke yake, karatasi inasaidia kuliko inavyodhaniwa. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa mwaka 2008, inaelekeza kuuliza kabla ya dawa yoyote kuingia: je, koo la mgonjwa huyu linaweza kuwa gumu, na vifaa na msaidizi vipo? Orodha hiyo ilijaribiwa kwanza katika miji minane duniani. Mmoja ulikuwa London, mwingine Seattle, na mwingine Ifakara, Tanzania. Matokeo ya mwaka 2009, kwa miji yote pamoja, yalionyesha vifo baada ya upasuaji vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Msaidizi huyo si lazima awe daktari. Muuguzi aliyeambiwa kabla, "Nikisema imeshindikana, nipe barakoa hii ya kijani, nikikawia, niambie dakika zimefika ngapi," tayari ni nusu ya mpango, na ana ruhusa ambayo wauguzi wa mwaka 2005 hawakupewa.

Ikiwa ni wewe uliyeamka na koo linauma, midomo imechanika, na mtaalamu amekaa kando ya kitanda akieleza kwamba ilikuwa shida kukuingiza mrija, msikilize hadi mwisho kisha mwombe akuandikie: nini kilishindikana, nini kilifaa, saizi gani. Faili la hospitali hubaki hospitali, na wewe utahamia mkoa mwingine, utalazwa kwingine, labda usiku, labda ukiwa huwezi kuongea. Piga picha karatasi hiyo kwa simu, mtumie na mtu wa nyumbani. Atakayekuja jioni kukwambia ufungue kinywa, mwonyeshe hiyo kwanza.